Matunda ya Ugenini: Kukipima Kitabu cha Ama Ata Aidoo

Kijana akipata nafasi ya kwenda chuo kikuu cha ng'ambo kwa gharama za watu wengine, nyumba yao hujaa wageni. Mjomba huja, jirani huja, mwalimu wake wa zamani huja, na kila mmoja ana neno lake la kumpa. Wengine humwusia asome kwa bidii, wengine humwusia ajihadhari na baridi, na wengine, kwa sauti ya chini, humwusia asiwasahau. Hayo yote ni mema. Lakini ni mara chache kusikia mtu akimwuliza msafiri maswali haya matatu: Nani aliyelipa nauli yako? Amelipa kwa sababu gani? Naye atataka nini baadaye? Maswali hayo huonekana kuwa utovu wa adabu, kama mgeni wa karamu anayehesabu vipande vya nyama katika sahani aliyoandaliwa.

Kiko kitabu kimoja kisichoona haya kuuliza. Jina lake ni Our Sister Killjoy, yaani, kwa maneno yetu, Dada Yetu Mharibu Furaha. Kilipigwa chapa mwaka 1977, na mwandishi wake ni Bibi Ama Ata Aidoo wa Ghana. Miaka mingi imepita, na watu wa vyuo vikuu wamekiandikia mengi. Walakini twaona ya kuwa chastahili kusomwa tena, si kwa kuwa ni kitabu cha zamani chenye sifa, bali kwa kuwa mambo kinachoyasema yangali yakitendeka kila mwaka mlangoni petu. Tena twataka kukipima kwa haki: kukisifu palipo na sifa, na kukipinga mahali ambapo kimesikiliza upande mmoja tu wa shauri.

Kwanza yafaa tumjue mwandishi. Bibi Aidoo alizaliwa mwaka 1942 katika nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast. Alisoma katika shule ya wasichana ya Wesley mjini Cape Coast, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ghana huko Legon. Alipokuwa bado mwanafunzi aliandika mchezo, The Dilemma of a Ghost, uliochezwa mwaka 1964 na kupigwa chapa mwaka 1965. Baada ya kumaliza masomo yake alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Stanford katika Marekani kujifunza uandishi. Kwa hiyo asemapo habari za wasomi waliosafirishwa na kulishwa na wageni, hasemi kama mtu aliyesimama nje ya uzio akichungulia. Yeye mwenyewe alikaa katika karamu ile, akala, akarudi. Alifariki dunia mwaka 2023.

Ule mchezo wa kwanza na hadithi hii ya pili ni kama pande mbili za shilingi moja. Katika mchezo, kijana Ato Yawson arudi kutoka Marekani pamoja na mke wake Eulalie, Mmarekani mweusi, ambaye jamaa za Ato hawakupata kuarifiwa habari zake. Aliyekwenda amerudi, na shida yote ni katika kurudi kwenyewe: msomi ameyasahau ya kwao, wala hajui kumfasiria mke wake mambo ya nyumbani, wala kuwafasiria watu wa nyumbani mambo ya mke wake. Katika hadithi ya mwaka 1977 shida imegeuka. Sasa twatazama wale wasiorudi, na yule mmoja arudiye na hasira moyoni.

Hadithi yenyewe ni fupi. Msichana wa chuo kikuu, aitwaye Sissie, achaguliwa kwenda Ulaya kwa gharama za wenyeji, ili akae pamoja na vijana wa mataifa mengine. Kabla ya kuondoka aalikwa chakula, na hapo amkuta mtu wa kwao aliyekwisha kufika Ulaya, ambaye habari zake zote ni sifa za huko, hata Sissie aona kinyaa. Afika Ujerumani, katika mji mdogo wa Bavaria. Vijana wamewekwa katika ngome ya kale iliyofanywa bweni, na kazi yao ni kutunza miche ya misonobari. Hapo apata urafiki na mama mmoja kijana, Marija, mwenye mtoto mchanga na mume asiyeonekana nyumbani kwa sababu ya kazi. Baadaye Sissie apita London, akawaona wanafunzi wa Kiafrika waliokaa huko miaka mingi. Mwisho, akiwa ndani ya ndege ya kurudi kwao, aandika barua ndefu kwa mwanamume ampendaye, ambaye amekataa kurudi.

Umbo la kitabu ni la namna ya peke yake. Kurasa za mwanzo zina maneno machache tu, na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa nyeupe. Mara msomaji asoma hadithi ya kawaida, mara mistari yakatika ikawa mashairi, kisha hadithi yaendelea kana kwamba hapakutokea neno. Wako waliosema ya kuwa hicho si kitabu cha hadithi hata kidogo. Sisi hatuoni neno kubwa katika hilo. Msomaji aliyezoea masimulizi yetu, ambamo msimulizi hukatiza hadithi akaimba kidogo, hatashangaa sana. Kosa, pale lilipo, si kuchanganya mashairi na hadithi, bali ni kwamba baadhi ya mashairi yale yapiga kelele pale ambapo hadithi yenyewe imekwisha kusema kwa sauti ya chini, nayo imesikika vizuri zaidi.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kukumbusha jinsi mipango hii ilivyoanza, maana Sissie hakuchaguliwa katika hewa tupu. Mwaka 1946 Marekani ilitunga sheria, kwa juhudi za Seneta J. William Fulbright, kwamba fedha zilizopatikana kwa kuuza mali ya vita iliyosalia katika nchi za nje zitumiwe kusafirisha wanafunzi na walimu. Mwaka 1959, katika mkutano uliofanyika Oxford, nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kuweka nafasi zao za masomo. Mwaka 1960 Urusi ya Kisovieti ilifungua mjini Moscow chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, nacho mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Na kwetu Afrika ya Mashariki, mwezi wa Septemba 1959, ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Mwaka 1960, uliokuwa mwaka wa kumchagua rais wa Marekani, mfuko wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari hizo, na fedha zile zikawa neno la kugombaniwa katika uchaguzi.

Msomaji ataona mara moja ya kuwa hakuna hata moja kati ya zawadi hizo iliyotolewa bila sababu. Hatusemi ya kuwa sababu zote zilikuwa mbaya. Aliyeuza mali ya vita ili watu wajuane alikuwa na fikira njema kuliko aliyeizika ardhini. Lakini kila mmoja alikuwa na haja yake: huyu ataka rafiki katika mashindano ya mataifa, huyu ataka kura, huyu ataka kuonyesha ya kuwa nchi yake imegeuka na kuacha maovu ya vita. Sissie, akiwa kati ya misonobari ya Bavaria, asimama juu ya ardhi ya namna hiyo hasa.

Na hapa ndipo kitabu kinapoonyesha akili yake kubwa. Sisi tuna methali: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni akipewa jembe amekwisha kuwa mtu wa nyumbani; amepewa kazi yenye faida, naye aweza kudai haki ya mtu wa nyumbani. Katika ngome ile vijana wamepewa miche waitunze, lakini msimulizi aonyesha, kwa kicheko kikali, ya kuwa kazi ya miche ni ndogo, na kazi kubwa inayotakiwa kwao ni kuwapo, kucheka, kuimba, kulala, na hasa kula. Yaani wamepewa jembe la mchezo. Wenyeji hawahitaji mikono yao. Wahitaji sura zao. Neno hilo ni zito, na kila aliyepata kupigwa picha akiwa amesimama katikati ya kundi, katika ugeni ambao hakuna aliyemwuliza swali moja la maana, atalifahamu.

Halafu kuna matunda. Marija humpa Sissie kila siku matunda yanayofanana na zambarau zetu, illa ni makubwa zaidi na laini, nayo huitwa plamu. Ni meusi, yana maji, matamu ajabu. Mwandishi mwingine angetuambia ya kuwa matunda yale yalikuwa sumu, au kwamba nyuma yake palikuwa na hila. Bibi Aidoo hafanyi hivyo. Matunda ni matamu kweli, na Marija ayatoa kwa upendo wa kweli. Lakini msimulizi atuonyesha ya kuwa utamu ule haukuwa ndani ya tunda tu. Yalikuwa matamu kwa sababu mlaji alikuwa kijana, hana mashaka, apendwa, tena ajiona kuwa kitu adimu. Twadhani hakuna mahali pengine ambapo hali ya mwanafunzi mgeni imeelezwa kwa usahihi zaidi. Nyumbani yeye ni mmoja kati ya wengi. Huko ni mmoja peke yake, na upeke ule una utamu unaolevya. Wengi waliochelewa kurudi hawakushikwa na fedha. Walishikwa na kule kuwa adimu.

Urafiki huo una mwisho mchungu. Usiku mmoja Marija apita mpaka ambao Sissie hakuutaka, na Sissie ajitoa. Baadaye, Marija akiwa amejitayarisha kumwandalia mgeni wake chakula, Sissie amwambia ya kuwa aondoka. Marija aumia, na Sissie amtazama akiumia. Na ghafula, kama jiwe limempiga, atambua ya kuwa kuna raha katika kumwumiza mwenzi. Twawaomba wasomaji waisome sehemu hiyo polepole. Mpaka hapo tulikuwa tukifikiri ya kuwa tujua nani mwenye nguvu na nani mnyonge: mwenyeji ana nyumba, ana chakula, ana nchi tajiri, mgeni hana kitu illa sanduku. Sasa twaona ya kuwa mgeni naye ana upanga wake, na akiuchomoa ajua kukata. Mwandishi hamfichi dada yetu, wala hampaki mafuta. Kwa ajili ya ukurasa huo mmoja twaweza kumsamehe mashairi yake yote yenye kelele. Na siku ya kuondoka Marija aja kituo cha gari la moshi na kifuko cha vyakula, na ndani yake mna plamu tena. Aliyeumizwa ndiye atoaye.

Lakini twataka kuongeza neno ambalo kitabu chaligusa tu, nacho hakilisemi wazi. Watu huita mambo haya kubadilishana. Basi tuulize: ni nani aliyebadilishana na Sissie? Marija, alipokutana naye mara ya kwanza, alimdhania kuwa mtu wa India, wala hakujua Ghana iko upande gani wa dunia. Hakuna mtu atakayempeleka Marija Ghana. Hakuna mtu atakayelipa nauli yake ili akatunze miche ya mikakao, ale fufu siku nyingi, na kuona jinsi ilivyo kuwa mmoja peke yake kati ya wengi. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kula kikoa: leo wala kwangu, kesho kwako, kesho kutwa kwa fulani. Mtu asiye na zamu ya kupika hayumo katika kikoa; yeye ni mgeni tu, au ni maskini anayelishwa. Mpango ambao upande mmoja hupika siku zote na upande wa pili hula siku zote, hata chakula kiwe kizuri namna gani, si kikoa. Nchi za Ulaya zilipoanzisha mpango wao wa Erasmus mwaka 1987, kwa wanafunzi 3,244 wa nchi 11, zilifanya kikoa kati yao wenyewe: kila nchi hupeleka na kila nchi hupokea. Sissie hakualikwa katika kikoa. Alialikwa karamuni.

Sehemu ya tatu, ya London, ndiyo ambayo wasomaji wengi huikumbuka kwa hasira zake. Sissie alitazamia kuwakuta watu wa kwao wakistawi, naye awakuta katika nguo zisizotosha baridi, katika vyumba vibovu, wakiandika barua za uongo kwenda kwao. Aonyesha pia jinsi ufadhili wa masomo ya juu unavyoweza kuwa biashara: mwanafunzi apewa senti chache na ahadi ya cheo cha udaktari, naye atoa habari za watu wake, desturi zao na mawazo yao, mpaka mwenye kulipa anajua zaidi habari za kijiji kile kuliko wizara ya nchi yenyewe. Kisha yuko Kunle, aliyekaa London miaka saba, ambaye afurahia kupita kiasi habari za moyo wa mtu mweusi kutiwa katika kifua cha mtu mweupe huko Afrika ya Kusini, akidhani ya kuwa kwa kazi hiyo ya madaktari ugomvi wa rangi umekwisha. Kunle arudi kwao, afa katika ajali ya motokaa, na kampuni ya bima haikulipa.

Hapa sharti tuseme pia yale tusiyokubaliana nayo. Kifo cha Kunle ni kicheko cha mwandishi, si tendo la hadithi. Katika sehemu ya Ujerumani kila jambo latoka katika tabia ya watu wenyewe. Katika sehemu ya London mwandishi amekwisha kutoa hukumu, naye atafuta mifano. Kunle ni mjinga tangu neno lake la kwanza, na ni rahisi kumshinda mjinga. Je, hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja London mwenye sababu nzuri ya kukaa? Hapakuwa na mmoja aliyetaka kurudi akanyimwa kazi? Mwandishi aliyeweza kumwona Marija, mtu wa taifa jingine, katika upweke wake wote, kwa nini hakuweza kumwona ndugu yake wa London kwa macho yale yale?

Twaona sababu yake iko katika barua. Sehemu ya nne ya kitabu yote ni barua ya Sissie kwa mpenzi wake. Ni maneno ya uchungu na ya kweli. Analalamika, miongoni mwa mengine, ya kuwa hata mapenzi yake hana budi kuyaandika kwa lugha ya watu waliowatawala, maana yeye na mpenzi wake hawana lugha nyingine iliyo yao wote wawili. Sisi tusomao na kuandika Kiswahili tusome malalamiko hayo kwa unyenyekevu, maana kuna neno ambalo twalo bila kulitafuta, na wengi hawanalo. Lakini barua ile ni hoja za upande mmoja. Huko London lilisemwa neno ya kuwa msomi akikaa ng'ambo na kufanya kazi kwa ustadi, aonyesha ulimwengu heshima ya Mwafrika. Sissie amwandikia mpenzi wake kurasa nyingi. Yeye hapewi nafasi ya kujibu. Na mwisho, ndege ilipokaribia pwani ya Afrika, Sissie akaamua ya kuwa hataipeleka barua. Wako wasifuo mwisho huo kwamba ni uhuru. Nasi twakubali ya kuwa ni mwisho mzuri wa hadithi. Lakini katika baraza lolote, shitaka lisilopelekwa kwa mshitakiwa haliwezi kutolewa hukumu.

Basi na tumtafutie mshitakiwa jibu lake, tena kwa mfano wa kweli. Mwaka 1960 msichana wa Kenya, Wangari, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Wangari Maathai, alipelekwa Marekani katika zile safari za wanafunzi tulizozitaja. Alisoma katika chuo cha Mount St. Scholastica katika jimbo la Kansas, akapata shahada mwaka 1964, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 1966 akarudi Nairobi, kwa sababu alikuwa ameandikiwa barua ya kupewa kazi chuoni. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake Unbowed, cha mwaka 2006, ya kuwa alipofika alikuta nafasi ile imekwisha kupewa mtu mwingine, naye aliamini ya kuwa sababu ni kabila lake na uanamke wake. Huyu alitii kila neno ambalo Sissie angemwambia. Hakulewa plamu. Alirudi. Na nyumbani mlango ukafungwa.

Ni nani aliyeufungua mlango mwingine? Ni mwalimu mgeni, Profesa Reinhold Hofmann wa Chuo Kikuu cha Giessen katika Ujerumani, aliyekuwa Nairobi wakati huo kusaidia kuanzisha mafundisho ya maumbile ya wanyama kwa ajili ya waganga wa mifugo. Alimpa kazi. Baadaye Bibi Maathai alikwenda Ujerumani, akafanya utafiti huko Giessen na München, akarudi tena, na shahada yake ya udaktari aliipewa Nairobi mwaka 1971. Watazameni wasomaji jinsi mambo yalivyokwenda: mwalimu wa Ujerumani aja Nairobi kufanya kazi ya kweli, mwalimu wa Nairobi aenda Ujerumani kufanya kazi ya kweli, na heshima ya elimu yatolewa na chuo cha hapa. Hicho chakaribia kuwa kikoa. Wote wawili walipewa jembe, wala si la mchezo.

Na mwaka 1977, mwaka ule ule kitabu cha Sissie kilipotoka kiwandani, Bibi Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti ambayo ilikuja kuitwa Green Belt Movement, na ambayo ilimpatia tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004. Katika kitabu, msichana wa Kiafrika atunza miche Bavaria, wala hajui ni kwa faida ya nani. Katika Kenya, mwanamke aliyerudi kutoka Ujerumani na Marekani awafundisha wanawake wa mashamba kuotesha miche yao wenyewe, kwa kuni zao, kwa maji yao, kwa udongo wao. Hatudhani ya kuwa mmoja alimjua mwenziwe. Lakini msomaji akiziweka habari hizi mbili pamoja apata kitabu cha tatu, kilicho kamili kuliko kila kimoja: Bibi Aidoo atuambia zawadi inavyoweza kumlevya mgeni, na maisha ya Bibi Maathai yatuambia nyumbani panavyoweza kumfukuza mwana aliyerudi.

Wala mwandishi mwenyewe hakukosa kuyaonja hayo ya pili. Mwaka 1982 Bibi Aidoo alifanywa waziri wa elimu wa Ghana. Alikaa katika kazi ile kama miezi 18 tu, akajiuzulu, na mwaka 1983 akahamia Zimbabwe. Hatusemi hayo kwa kumcheka. Twasema kwa sababu mtu aliyewaita wengine warudi alirudi kweli, akakamata jembe, na hata hivyo akaona hana budi kwenda kwingine. Lau angaliiandika barua ya Sissie baada ya mwaka 1983, twadhani ingalikuwa na ukurasa mmoja zaidi, ulioelekezwa si kwa mpenzi aliye London, bali kwa wenye madaraka walio nyumbani.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, husema wenyeji wa pwani. Methali hiyo ni nzuri, nayo ndiyo roho ya kitabu hiki. Lakini methali yadhani ya kuwa ngama ingalipo, ni kavu, na ina nafasi. Jahazi ambalo ngama yake imejaa maji, au imefungwa na nahodha kwa ajili ya jamaa zake, halina haki ya kumlaumu baharia aliyebaki bandarini.

Kwa hiyo neno letu juu ya kitabu hiki ni hili. Sehemu yake ya pili ni kazi ya ustadi mkubwa, nasi hatujui maandishi mengi ya Afrika yaliyoeleza ukarimu na hatari yake kwa haki kama hiyo. Sehemu ya tatu ina ukweli mwingi na huruma kidogo. Sehemu ya nne ni hotuba nzuri iliyokosa mpinzani. Kisomwe na kila kijana aliyepata tikiti, kabla ya siku ya kuagwa, aanzie hapo Bavaria, ajifunze kula tunda na kujua kwa nini ni tamu. Kisomwe pia na wale wanaotoa fedha, ili waulize kama wanampa mgeni jembe au wanampa picha. Na wale wanaokaa katika ofisi za vyuo vyetu, ambao mezani pao zimelala barua za vijana wanaoomba kurudi na kufanya kazi, nao wakisome. Kisha, wakiisha kukifunga, wazijibu barua hizo.